Kiwango Kisichodhuru

Mtoto wa tano alipiga funda moja la maji ya kisima, akakunja uso, akayatema mchangani.

"Mtu angedhani kalishwa shubiri," Mwiti alimwambia dereva wake, akacheka. Alikuwa akiwanywesha watoto wapate mkojo wa kupimwa, na hata kunywa maji kuliwashinda.

Mwiti alikuwa afisa wa maji. Alisafiri siku mbili hadi kijiji hiki nje ya Takaba kwa ajili ya barua iliyolala mezani pake miezi minne. Ilidai kisima kinaua figo za watoto. Wachunga ngamia wamfundishe yeye habari za sumu! Sumu ya mwambani ilikuwamo, ndiyo, lakini chembe tu.

Kabla ya kuanza kupima aliwakusanya watu wazima darasani, akawaeleza polepole, kama anayesema na viziwi.

"Mwili una mafundi wake. Sumu kidogo ikibomoa leo, mafundi wanaziba usiku. Sumu huua pale tu inapowazidi kasi. Yenu haijafika hata nusu ya kiwango cha kudhuru."

Nurto, mama aliyemwandikisha mwalimu ile barua, aliinua mkono.

"Daktari, hiyo fundi ikikosa chakula je? Ukame imekaa hapa miaka mbili. Fundi ya njaa inafanya kazi?"

"Kiwango kilipimwa na wataalamu, mama."

"Walipima watu ya kushiba?"

Wazee wakaguna. Masikio ya Mwiti yakapata moto. Mwanamke asiyejua kushika kalamu!

"Mkojo hausemi uongo," alisema. "Leteni kila mtoto aliyepo hapa."

Wakaletwa kumi na mmoja. Nurto akasogea. "Daktari, lakini hii watoto—"

"Nyamaza, mama! Nitakupa nafasi yako."

Hakuuliza majina. Kwake yalikuwa Abdi huyu na Abdi yule, wote sura moja. Akaandika namba, moja hadi kumi na moja, akachovya vikaratasi vyake vya kupimia figo katika mikojo yao. Hakuna hata kimoja kilichobadilika rangi.

Akavipanga juu ya dawati ili kila mtu aone.

"Figo kama mpya! Hawa ndio mnaowalilia? Tazameni mashavu yao!"

Mama mmoja alijifunika uso kwa shela. Mwiti aliona ni haya, akaridhika. Akaandika kwamba kisima ni salama, akatia sahihi, akagonga muhuri.

"Haya, mama. Sasa sema."

Nurto aliwatazama wale watoto kwanza, kisha muhuri uliokuwa bado mbichi.

"Hii ni watoto ya ndugu zetu ya Lafey," alisema taratibu. "Imefika juzi na wazazi yao, kutupa pole. Yetu tumezika."