Kiatu cha Kulia

"Kanyaga kushoto, dada! Kushoto!" Mwalimu alipayuka mpaka koo likamwasha, lakini ile ndege ndogo ya mafunzo, kabla hata haijaonja anga, iliendelea kupinda kulia hadi bawa likajibamiza kwenye mlango wa banda.

"Nilikanyaga, mwalimu," mwanafunzi alisema. "Pedali ziligoma."

"Ziligoma! Kwani hizo ni punda?"

Mwalimu akainama amwoneshe. Pedali zao zilikuwa zimeungana. Huyu akikanyaga, za yule nazo zinakwenda. Upande wake mwalimu, kiatu cha kulia kilikuwa bado kimekandamiza pedali mpaka mwisho.

Mwenye chuo alifika mbio, shati limemchomoka. "Nani kafanya hivi?"

Mwalimu alifungua mdomo. Mwanafunzi alikuwa bado anakitazama kile kiatu.