Taa ya Kijani

Taa juu ya paa la shule iliwaka kijani tena, na mtaa mzima ukapiga vigelegele. Matokeo yakishuka, taa hugeuka nyekundu na shule hufungwa. Saumu, roho yake kwatu, alikaanga maandazi akamwekea bintiye Kibibi, wa darasa la kwanza.

"Mengine mpelekee shoga yako Mosi."

"Mosi hayupo, mama. Walimhamisha juzi, kabla hatujapimwa. Alikuwa anatuangusha." Kibibi alitafuna kwa raha. "Sasa tuko vizuri."

"Haya, kula mwanangu. Yamebaki mangapi?"

Kibibi akayahesabu kwa kidole. "Saba!"

Yalikuwa matano. Saumu alicheka. Kisha akainuka taratibu, akafunga dirisha, wakaanza kuhesabu upya kwa kunong'ona.