Bahasha ya Mjane Nungunungu

Kabla ya kufariki, Nungunungu mume alimwachia mkewe bahasha. Mke hakuifungua, kwa kuhisi kwamba akiifungua, mumewe atakuwa ameondoka kweli.

Baada ya miaka miwili shemeji yake akaja kudai shimo alimoishi mjane.

"Wasia uko wapi, shemeji? Au marehemu alikunong'oneza? Fungasha!"

Mjane akaipeleka bahasha kwa Kobe, karani wa baraza, asiyeharakishwa na yeyote. Kobe akaifungua, akasoma kwa sauti: shimo ni la mke, na mashahidi wawili wasiorithi chochote wametia alama za kucha.

Shemeji akaondoka zake.

"Umeshinda, mama. Nenda nyumbani."

Mjane hakuinuka. "Isome tena, karani. Pale mwanzo, anaponiita 'mwiba wangu'."