Stesheni Nzima Pichani

Siku hizi sheria inataka kila kamera itengeneze kilichoharibika. Ukipiga picha ya ukuta uliobomoka, utapata picha ya ukuta mzima, tena uliopakwa rangi. Ndiyo maana mama mkwe wa Misoji, aliyeishi Kigoma, hakukubali kwamba stesheni ya Tabora ilipigwa bomu vitani, na kwamba mwanawe Lubinza, mkata tiketi, alifia humo.

"Picha ninaziona, mwanangu," alisema kwenye simu. "Stesheni ni nzima. Kama mmegombana, niambie tu."

Misoji aliapa kumpelekea picha ya kweli. Asubuhi alikwenda stesheni, akapanda juu ya kifusi. Akaipiga picha reli iliyopinda, ikatoka imenyooka. Akalipiga picha paa lililoanguka, likatoka liko juu ya nguzo zake. Hakukata tamaa. Alipiga magoti kwenye matofali, akaisogeza kamera karibu kabisa na vyuma vya dirisha la tiketi, ili isitambue ni kitu gani. Akapiga, akatuma papo hapo.

Simu ikaita kabla hajaitazama picha.

"Ahsante, mwanangu," mama mkwe alisema huku akilia. "Nimemwona. Yuko dirishani kwake. Kumbe kanenepa!"

Misoji akaifungua picha. Lubinza alikuwa anatabasamu. Akaifuta.

"Mama, yule si yeye. Panda basi uje, nikushike mkono uyaguse haya matofali."

"Basi la nini, na treni ipo? Nitashukia hapohapo kwake."