Jua Litakapotuchwea

Kambi ya kwanza ya watalii ilisema imejaa. Ya pili ilisema imejaa tangu Machi, na mwanamke aliyepokea simu akacheka kidogo, kama mtu aliyeombwa mahindi mabichi wakati wa theluji.

Spéciose alipiga mstari juu ya jina la pili kwenye orodha yake. Alikuwa amesimama katika chumba cha kufulia nguo, orofa ya chini ya jengo lao la Jane na Finch, mjini Toronto, simu sikioni, mashine zikizunguka. Ilikuwa saa mbili asubuhi, na kule Ufaransa saa nane mchana. Juu, orofa ya kumi na mbili, mumewe Josaphat alikuwa amelala baada ya zamu ya kiwandani. Hakutaka asikie.

Safari ilikuwa ya Josaphat, naye alikuwa ameitangaza kanisani kana kwamba ni harusi. Mwezi wa nane, wiki tatu, Ufaransa. Watakodi karavani mjini Lyon, kijumba cha kukokotwa na gari chenye kitanda na jiko lake, wateremke nacho kusini. Pasipoti za Kanada walikuwa nazo, mpya, hazijagongwa muhuri hata mmoja. Tiketi za ndege alikwisha kununua.

"Hakuna kurezerve fasi hata moja, hakuna kushikiwa nafasi," alirudia kila Jumapili, ramani ikiwa mezani. "Tutalala pale jua litatuchwea, Mama Aurore. Tukipenda mto, tunabaki. Tukiuchoka, tunaenda."

Binti yao Aurore, ambaye Kiswahili hukisikia na kukijibu kwa Kiingereza, aliuliza itakuwaje wakikosa. Mwezi wa nane Ufaransa nzima iko barabarani.

"Mungu hakosi fasi," Josaphat alisema, akaendelea kuteremsha kidole kando ya mto.

Na kusema kweli, wazo lile la kulala popote lilikuwa la Spéciose mwenyewe. Waliishi miaka kumi na mmoja katika kambi ya wakimbizi huko Tanzania, namba ya kiwanja chao ikiwa imepakwa rangi juu ya mlango. Siku moja, kwenye foleni ya unga, alimwambia mumewe kwamba anataka siku moja alale mahali ambapo hakuna mtu aliyeandika jina lake. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na umri huo una maneno mengi. Yeye alisahau. Josaphat husahau funguo, husahau takataka, husahau hata kikohozi chake mpaka daktari amuulize, lakini neno lile la foleni alilibeba mpaka ng'ambo ya bahari.

Ambacho Spéciose hakusahau ni siku zilizotangulia kambi. Walitembea siku kumi na tisa kutoka kwao Fizi, wakikimbia vita, kila jioni wasijue watalala wapi. Siku ya kumi walilala kanisani, watu arobaini. Wenye bunduki walipoingia, waliotoka hai ni wale waliokuwa karibu na mlango wa nyuma, wao wakiwamo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mpaka leo kitanda chao kimekaa mshazari katikati ya chumba, kikitazama mlango, na wageni wakiuliza, Josaphat huwaambia huo ndio mtindo wa kisasa.

Sasa hata woga hakuwa nao. Alikuwa na ganzi tu. Watu kanisani walipomuuliza kama anafurahi, alisema anafurahi, kwa sauti ile ile anayotumia kuwaambia wazee anaowaogesha kazini kwamba maji si baridi. Alikuwa ameamua. Akipata kwa siri mahali pa kulala siku ya kwanza, atakwenda. Asipopata, jioni hii atamwambia mumewe asafiri peke yake. Alijua neno hilo litamvunja Josaphat. Alilijua kichwani, moyoni hakusikia kitu, na hilo lilimtia aibu.

Jina moja lilibaki. Ilikuwa kambi ya kijiji kidogo mtoni, pale ambapo kidole cha Josaphat hupunguza mwendo kila Jumapili, mpaka karatasi ya ramani imeanza kuchakaa. "Labda hapa," husema, "labda mbele. Nani anajua?"

Msichana alipokea. Spéciose akaomba kwa Kifaransa nafasi ya karavani moja, watu wawili, tarehe tisa.

"Pole, mama. Tumejaa."

Mashine yake ilikoma kuzunguka. Alitazama nguo zikianguka chini taratibu nyuma ya kioo. Akashukuru.

"Naweza kuandika jina lako," msichana alisema, "labda mtu ataghairi."

Alikuwa amechoka na kuandikwa majina. Hata hivyo akalitaja. "Asukulu." Akaliendeleza herufi kwa herufi.

Msichana akalirudia. "Asukulu Josaphat? Wa Toronto?"

"Ni mume wangu."

"Basi nafasi mnayo, mama, tangu mwezi wa kwanza." Halafu msichana akashusha sauti. "Lo, nimeharibu. Alituomba mkifika tujifanye hatuwajui. Tupekue daftari kwanza, ndipo tuseme mna bahati, imebaki moja tu. Alisema amewaomba hivyo wenye kambi wote njiani, mpaka baharini."

Spéciose aliketi juu ya kapu la nguo. Akaibana simu sikioni, na moyoni akasikia kitu.

"Ni nafasi gani?" aliuliza.

"Ya kando ya lango la kutokea. Tulimpa nyingine nzuri, yenye kivuli, akaikataa."

"Basi, binti yangu," Spéciose alisema, "na mimi sijapiga simu."