Chumvi ya Shomari

Kwetu kila mtoto akizaliwa hupandiwa mkoko katika tangi la maji ya bahari sebuleni. Majani hutoa chumvi maadamu mwenye mti yu hai, hata akiwa ng'ambo, na ile ya kifungua mimba ndiyo hupikiwa nyumba nzima.

Leo asubuhi mama alipangusa majani ya mkoko wa kaka yangu Shomari, aliye ng'ambo, kitambaa kisishike hata chembe ya chumvi. Akarudia polepole, kama anayemfuta uso mtoto aliyelala, na vivuli vya mizizi vikicheza ukutani.

Mchana alipakua kunde za nazi. Nilionja; hazikuwa na chumvi. Baba, ambaye hajawahi kusifu chakula, alilitazama tangi.

"Zimekolea, Mama Shomari," alisema, akasogeza sahani aongezewe.