Chupa ya Mwanamkuu

"Wenzako wanafuga kuku, wewe unafuga wadudu wa chini ya mawe!" Bi Tunu alimwambia bintiye, Mwanamkuu, huku akipangusa chupa pana ya kioo. Ndani mlikuwa na udongo, mmea wa majani ya madoadoa na vidudu vya kijivu vinavyojikunja kama punje. Aliichukia, lakini akaiacha mezani.

Saa kumi wageni walileta barua ya posa juu ya sinia. Shamte, mposaji, alikuja mwenyewe na shangazi yake, kana kwamba anakwenda kujaribu viatu dukani. Alipoiona chupa alicheka.

"Hiki nacho choo cha mende?"

"Wanakula majani yaliyooza," Mwanamkuu akasema. "Ndiyo maana humo ndani hamnuki."

"Kwangu utafuga watoto." Shamte akafungua kifuniko, akamimina humo machicha ya chai yake. Shangazi akacheka.

Bi Tunu alimpokonya Shamte kikombe, akairudisha barua mapajani mwa shangazi bila kuifungua.

"Dada, mrudishe mwanao. Hajui hata pa kumwaga chai."

Walipotoka, Bi Tunu aliinama juu ya chupa, kikombe bado mkononi. Kidudu kimoja kilijikunjua polepole, kikaanza kupanda jani la chai.